Meli Ikifunga Gati: Ununue Ziara ya Meli au Ushuke Kivyako?

Kijitabu cha safari ya meli ya watalii kikiandika Paris, usidhani meli itafika Paris. Itafunga gati Le Havre, karibu kilomita 200 kutoka huko. Berlin yao ni Warnemünde, na ukishuka hapo una mwendo wa kama saa tatu kabla hujaiona Berlin yenyewe. Roma ni Civitavecchia, Florence ni Livorno. Lakini ukifika Kotor, Montenegro, lango la mji mkongwe liko ng'ambo ya barabara tu. San Juan, Puerto Rico, ni vivyo hivyo: ukitoka getini umeshaingia mjini.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ununue ziara ya meli, yaani matembezi ya nchi kavu yanayouzwa melini, au la, kuliko bei ambayo wengi huanza nayo. Meli ikipita bandari saba, una maamuzi saba ya kufanya. Anayeapa kwamba hatanunua ziara ya meli hata siku moja atakuja kuhangaika mahali ambapo hapakuwa na haja ya kuhangaika. Naye asiyeshuka bila kundi atalipia basi la kumpeleka mahali ambapo miguu yake ingemfikisha kwa dakika kumi.

Unalipia nini hasa

Ziara inayouzwa melini kwa kawaida haiendeshwi na meli. Kampuni ya meli huingia mkataba na waendeshaji wa nchi husika, wenye mabasi na waongozaji wao, kisha huuza tiketi na kuongeza faida yake juu. Ndiyo maana ukimfuata mwendeshaji mwenyewe mara nyingi hupata ziara kama ileile kwa bei ya chini, pengine na mwongozaji yuleyule.

Basi ile nyongeza ni ya nini? Ni ya saa. Kundi la meli likikwama kwenye foleni, kampuni nyingi huahidi kwamba meli itasubiri, na ikilazimika kuondoka watagharamia safari yako hadi bandari inayofuata. Aliyeshuka kivyake hana ahadi hiyo. Si kwamba nahodha ana roho mbaya. Gati limepangwa kwa muda maalumu, rubani wa bandari (anayeiongoza meli kutoka) na boti za kuvuta meli wameshaitwa, na bandari ya kesho nayo ina zamu yake. Abiria elfu tatu hawawezi kukaa wakisubiri wawili.

Machi 2024 abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn waliachwa São Tomé na Príncipe. Walikuwa kwenye ziara ya binafsi, na walitakiwa wawe wamerudi saa tisa alasiri. Wakachelewa boti ya mwisho. Wakaifuata meli kwa ndege hadi Gambia, lakini huko meli haikuweza kuingia bandarini. Ikabidi waendelee hadi Dakar, Senegal, ndipo wakapanda. Dunia nzima ilikizungumza kisa hicho, na wauza ziara hawajakisahau.

Mimi nakisoma kwa namna tofauti kidogo. São Tomé ni kisiwa. Meli haikufunga gati. Abiria walikuwa wakishushwa kwa boti. Na ukikosa meli, njia za kuifuata ni chache. Mambo hayo matatu yakikutana mahali pamoja, nunua ziara ya meli bila kubishana na mtu. Yasipokuwepo hata moja, kisa hicho hakikuhusu sana.

Roma kwa saa ulizo nazo

Tuchukue Civitavecchia, kwa sababu ndiyo bandari ambayo pande zote mbili zina hoja nzito. Tuseme meli inafunga gati saa moja asubuhi na kuondoka saa moja jioni. Mwisho wa kupanda huwa nusu saa kabla, yaani saa kumi na mbili na nusu.

Anayekwenda kivyake hushuka baada ya maofisa kuiruhusu meli, akapanda basi la bandarini hadi nje ya geti (bandari ni kubwa, na hairuhusiwi kutembea ovyo katikati ya malori), kisha akafika kituo cha treni. Treni ya mkoa huchukua takriban saa nzima, pungufu kidogo kama utashukia kituo cha San Pietro, ambapo Vatican unaifikia kwa miguu. Asipochezea muda, saa nne asubuhi yuko Roma. Kurudi, mwenye busara hapandi treni ya mwisho inayomtosha. Hupanda ile iliyoitangulia, au hata iliyoitangulia hiyo, ili moja ikifutwa iwepo nyingine. Kwa hiyo saa tisa au tisa na nusu alasiri anaondoka. Amepata saa tano na ushee za Roma.

Aliyenunua ziara ya meli hukutanishwa na wenzake ukumbini, hubandikwa namba kifuani, huhesabiwa, huingia basi la watu arobaini na kitu. Kwa barabara ni saa moja na nusu au zaidi kutegemea foleni. Naye anafika Roma kwenye saa nne hivi. Yeye anaweza kuondoka Roma akiwa amechelewa kidogo kuliko yule wa treni, kwa kuwa hana haja ya kujiwekea akiba ya muda. Ila ndani ya saa zake mna kuhesabiwa tena kila mnapopanda basi, kungoja wawili waliopotea, chakula cha pamoja, na pengine kituo cha dukani ambacho hukukiomba.

Ukijumlisha na kutoa, saa zinakaribiana. Wapo wanaodhani kwamba kwenda kivyao kutawapa siku ndefu zaidi. Kwa bandari ya mbali si kweli. Kinachobadilika ni nani anayezipanga saa hizo, na nani anayebeba hasara zikiharibika.

Na huharibika. Migomo ya treni Italia hutangazwa mapema, na sheria huhakikisha baadhi ya treni za siku za kazi: kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, kisha kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku. Tazama mtego uliopo hapo. Treni ya kukupeleka Roma asubuhi unaweza kuipata. Ya kukurudisha alasiri ndiyo isiyo na uhakika, na zile za jioni zinaanza nusu saa tu kabla ya mwisho wako wa kupanda meli. Kwa hiyo kabla ya kuamua, angalia kama tarehe yako ina mgomo. Angalia pia ni siku gani ya wiki: Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Ziara ya meli itakuwa imeshalijua hilo. Wewe usipolijua utaligundua ukiwa mlangoni.

Kadhalika tiketi. Kolosai ya Roma, Akropoli ya Athens na Sagrada Família ya Barcelona zote sasa huingiwa kwa zamu za muda. Akropoli tangu 2023 imewekewa kikomo cha watu 20,000 kwa siku. Kundi la meli huja na tiketi zake. Anayekwenda kivyake anunue mwenyewe mapema, achague muda usiombana asubuhi, maana meli ikichelewa kufunga gati tiketi yake haitamsubiri.

Kwa Roma, basi, mtu aliyezoea treni na mwenye saa kumi na mbili bandarini namshauri aende kivyake. Mwenye saa tisa tu, au mwenye wazee na watoto wadogo, achukue basi la meli.

Jibu ambalo kaunta ya ziara haitakwambia

Kuna uamuzi wa tatu, na ninaupenda kuliko yote mawili: usiende kabisa ule mji wa mbali. Le Havre yenyewe, ambayo katikati yake ilijengwa upya na msanifu majengo Auguste Perret baada ya Vita vya Pili vya Dunia, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2005. Honfleur iko ng'ambo ya mto Seine, unavuka daraja la Normandie tu. Kutoka Livorno, treni hufika Pisa kwa kama robo saa au dakika ishirini. Kutoka Warnemünde, treni ya mjini inakupeleka Rostock kwa muda kama huo.

Aliyekwenda Paris kutoka Le Havre ametumia saa nne hadi tano njiani ili aone Paris kupitia kioo cha basi. Kama hujawahi kufika na huenda usirudi tena, nenda, na uende na ziara ya meli, sitakulaumu. Kama una matumaini ya kurudi siku nyingine kwa ndege, bakia karibu na bahari.

Ambapo meli haifungi gati

Santorini, kisiwa cha Ugiriki, haina gati la meli kubwa. Meli hukaa katikati ya ghuba, abiria wakashushwa kwa boti. Hapo makundi mawili huachana mapema. Walionunua ziara mara nyingi hushushwa kwanza na kupelekwa bandari ya Athinios, kwenye barabara na mabasi. Wanaokwenda kivyao huchukua namba za boti, husubiri, kisha hushushwa bandari ya zamani chini ya mji wa Fira, mguuni mwa jabali. Kutoka hapo kuna njia tatu za kupanda: gari la kamba (linaloning'inia kwenye waya), punda, au ngazi karibu mia sita kwa miguu yako, ukipishana na punda haohao.

Asubuhi aliyenunua ziara ameshinda. Mambo hugeuka alasiri. Ziara nyingi humalizikia Fira, na wote, wa ziara na wasio wa ziara, hushuka kwa gari lilelile la kamba. Siku yenye meli nne au tano foleni yake huwa ndefu mno. Hakuna mstari wa pembeni kwa wenye stika kifuani. Tofauti ni kwamba wao wakichelewa kwenye foleni hiyo kampuni inalijua kundi lake liko wapi. Wewe hakuna anayejua uko wapi. Nikiwa natoka kivyangu Santorini, foleni ya kurudi ndiyo ningeanza kuipangia muda, kisha mengine yote yafuate. Na magoti yakiwa mazima, ngazi za kushuka hazina foleni, ingawa zina mavi ya punda na utelezi.

Jambo jingine kuhusu boti: bahari ikichafuka, bandari za aina hii ndizo za kwanza kufutwa. Ziara ya meli hurudishiwa fedha bila kuomba. Uliyoinunua nje hutegemea masharti ya mwendeshaji. Wapo wanaotamka kwamba meli isipofika hulipi kitu. Wengine hukaa kimya hadi ufute. Soma sharti hilo kabla hujalipa, si baada ya nahodha kutangaza.

Ambapo huna hiari

Sehemu nyingine sheria imeshaamua. Galápagos sehemu kubwa ya hifadhi huwezi kuizurura bila mwongozaji aliyesajiliwa, na meli zenyewe hazizidi abiria 100. Antaktika watu wanaoshuka mahali pamoja kwa wakati mmoja hawazidi 100, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu.

Kisha kuna viza. Kwa miaka mingi St. Petersburg abiria wa meli aliweza kushuka bila viza kwa hadi saa 72, ila kwa sharti la kuwa kwenye ziara ya mwendeshaji mwenye leseni. Aliyetaka kutembea kivyake alipaswa kuwa na viza yake kamili. Meli kubwa za kimataifa ziliacha kwenda huko 2022, lakini sharti la namna hiyo linaweza kukukuta kwingine. Mwenye pasipoti inayodaiwa viza karibu kila mahali aulize kwa kila bandari, tena aulize akiwa bado nyumbani.

Je, ziara ya meli ni salama zaidi?

Kuhusu kurudi kwa wakati, ndiyo. Kuhusu mengine, usijidanganye. Tarehe 9 Desemba 2019 volkano ya Whakaari, New Zealand, ililipuka watu 47 wakiwa kisiwani. Walikufa 22. Wengi wa waliokuwapo walitoka kwenye meli ya Ovation of the Seas, na walikuwa wamefika pale kwa ziara iliyouzwa na meli.

Kampuni za meli huwachuja waendeshaji, hudai bima na leseni, na hilo ni jambo kubwa kuliko unavyoweza kufanya wewe kwa simu yako. Hata hivyo masharti ya tiketi kwa kawaida humtaja mwendeshaji kuwa mkandarasi anayejitegemea. Ikiwa shughuli yenyewe ni ya hatari, kama kupiga mbizi, kuruka kwa helikopta au kuteleza kwenye kamba juu ya msitu, uliza maswali yaleyale kwa yeyote anayekuuzia. Na soma bima yako ya safari: nyingine haigusi michezo ya namna hiyo, na nyingine haikulipi ukikosa meli kwa uzembe wako.

Mwenye kiti cha magurudumu ana hesabu yake. Ziara ya meli ina alama ya ugumu, lakini alama hiyo huwa ya jumla mno. Mwendeshaji binafsi mwenye gari lenye ngazi ya kunyanyua mara nyingi humfaa zaidi kuliko basi kubwa. Bandari za boti ndizo za kuulizia kwanza, maana huenda asiruhusiwe kuingia botini kabisa siku ya mawimbi.

Njia za katikati

Watu hulinganisha basi la meli na miguu yao kana kwamba hakuna kingine. Vipo vitatu.

Kwanza, meli nyingi huuza usafiri mtupu: basi linakupeleka Florence au Roma, linakuacha, linakuchukua saa uliyoambiwa. Huna mwongozaji wala kundi la kufuata, ila una ile ahadi ya kusubiriwa. Kwa Livorno sioni kwa nini mtu achague kingine, labda kama anachukia mabasi.

Pili, mwendeshaji wa nje mwenye gari dogo. Mkiwa wanne au sita gharama hugawanyika vizuri, mnasimama mnapotaka, mnaruka duka msilolihitaji. Wengi hutangaza kwamba wanakuhakikishia kurudi melini. Soma maneno hayo vizuri: hawana uwezo wa kuizuia meli. Wanachoahidi kwa kawaida ni kukulipia nauli ya kuifuata. Ni ahadi nzuri, ila si ileile.

Tatu, teksi ya getini. Patana bei ya gari zima kwa saa zote, si ya kila kichwa, na ulipe mkisharudi. Dereva anayengoja fedha zake hasahau kukurudisha.

Na bandari ambazo mji uko mlangoni au karibu hazihitaji chochote kati ya hivi. Valletta, Malta, kuna lifti ya mita 58 inayokunyanyua kutoka upande wa bandari hadi bustani za juu. Dubrovnik, Croatia, meli hufunga bandari ya Gruž, kama kilomita tatu kutoka kwenye kuta za mji mkongwe, na basi la mjini hupita hapohapo. Piraeus, bandari ya Athens, treni ya mjini hufika katikati ya Athens kwa chini ya nusu saa. Kununua ziara ya matembezi sehemu kama hizi ni kununua mwongozaji tu, na mwongozaji unaweza kumpata mwenyewe.

Ukiamua kushuka kivyako

Saa ya meli ndiyo saa yako. Simu hujibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa nchi kavu, na hapo ndipo watu huponzwa. Cozumel, Mexico, iko kwenye jimbo la Quintana Roo, ambalo tangu 2015 halibadilishi saa zake mwaka mzima. Miezi ya kiangazi Florida huwa mbele kwa saa nzima. Meli iliyotoka Florida ikiamua kubaki na saa yake, simu yako itasema saa tisa wakati meli inasema saa kumi. Vaa saa ya mkononi ya kawaida, uirekebishe melini, usiiguse tena.

Panga uwe getini saa moja kabla ya mwisho wa kupanda kwa bandari ya mlangoni. Kwa safari ya mbali au bandari ya boti, fanya saa mbili. Nenda kwanza sehemu ya mbali zaidi, kisha urudi nyuma ukikaribia meli kadiri siku inavyosonga. Wengi hufanya kinyume, wanaanza na vilivyo karibu, halafu saa nane wanashawishika kwenda mbali.

Piga picha ukurasa wa ratiba ya siku wenye jina na namba ya wakala wa bandari. Yeye ndiye anayeiwakilisha meli nchi kavu, na ukiona unachelewa mpigie kabla meli haijaondoka, hata kama ni dakika ishirini tu. Ramani pakua ukiwa bado na mtandao, na ukiwa baharini weka simu kwenye hali ya ndege, kwa sababu mtandao wa melini hutoza ghali. Beba dawa zako za siku mbili na kadi ya benki moja zaidi.

Pasipoti, ubebe au uiache? Nchi nyingine hudai uwe nayo, melini watakwambia. Kama hawadai na umeiacha kwenye sefu ya chumba, kuna desturi njema: abiria wakionekana hawajarudi dakika za mwisho, wahudumu huenda chumbani kutafuta pasipoti, na wakiipata humkabidhi wakala wa bandari kabla ya kung'oa nanga. Iweke kwenye sefu hiyo, si chini ya godoro wala ndani ya sanduku lenye kufuli.